Chungu Kizito Kilichopotea Nanganga

Vijana wangu mliorithi ofisi yangu, mmeniuliza kwenye kundi letu la simu kama katika miaka yangu yote ya tathmini niliwahi kupata siku moja ya kukaa bila wasiwasi. Nilicheka, nikazima simu, kisha nikaiwasha tena ili nihakikishe nimeizima. Hilo ndilo jibu. Kwa kuwa sasa nina muda, na mwanangu amenikataza kupanga upya sufuria zake kana kwamba ni stoo ya serikali, nimeamua kuwaandikia. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye jalada langu la utumishi, wala havina la kumfunza mtu. Nitawaandikia kuhusu siku yangu ya kwanza, unga wa njano wa Kiegei, na chungu kilichopotea Nanganga. Hasa hicho chungu.

Nilipoingia ofisi ya Nachingwea nilikuta chumba kimoja, makabati mawili ya chuma, na Mzee Chilala akimenya karanga juu ya ramani ya mkoa. Ndiye aliyekuwa mkaguzi peke yake. Alikuwa ameambiwa analetewa mtaalamu wa kemia, na kichwani mwake mtaalamu huyo alikuwa mwanaume mrefu. Alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mwingine anakuja, kisha akanisogezea kiti.

"Karibu, binti. Wewe unaogopa haraka au unaogopa polepole?"

"Naogopa haraka, mzee."

"Basi tutafaana. Mimi naogopa polepole mno, siku moja nitachelewa."

Nilidhani ananitania. Baadaye niligundua kwamba alikuwa amenieleza kazi yote. Duniani kuna watu wanaotaka kuua wengi kwa mkupuo, na kuna vitu vinavyoweza kuwasaidia: sumu, vijidudu, mionzi. Kuwakamata watu hao ni kazi ya wengine. Sisi kazi yetu ilikuwa kujua vitu vyenyewe viko wapi katika wilaya zetu, vimefungwa vipi, na nani asiyehusika anavitolea macho. Mzee Chilala alikuwa na maswali matatu, na aliyauliza kwa mpangilio uleule hata tukikagua chumba cha eksirei cha hospitali: Kitu kipo? Mtu yupo? Njia ipo? Ukishajibu, chini ya karatasi unaandika neno moja kati ya matatu: chini, wastani, au juu. "Hofu yote ya nchi hii imepimwa kwa madebe matatu," alikuwa akisema, "kwa hiyo angalia unamwagia wapi."

Chombo chetu cha kazi kilikuwa kipima mionzi, kisanduku cha rangi ya kijivu chenye mkanda wa ngozi ulioshonwa na fundi viatu wa sokoni. Kilikuwa kinalia tik, tik, tik, ndiyo maana tulikiita Nyenje. Betri zake nilizitunza ndani ya soksi, maana ukiziacha kwenye chombo huvuja. Mzee alinizoesha kuanza kila asubuhi kwa kukiwasha ofisini, mahali pasipo na kitu, nikisikilize dakika nzima. Nilipochoka nilimuuliza faida yake. Akasema siku nitakapokuwa na hofu masikio yangu yataongeza sauti yenyewe, kwa hiyo ni lazima niwe naujua mlio wa kawaida kama ninavyoujua mlango wa nyumbani kwangu. Mpaka leo mlio huo nausikia kwenye saa ya ukutani, na saa hiyo nimeihamishia jikoni.

Kesi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa Kiegei. Mwalimu mkuu wa shule moja alipiga simu wilayani kwamba ndege isiyo na mlio imepita na kumwaga unga wa njano juu ya mabati, kwenye pipa la maji ya mvua na kwenye madaftari. Wanafunzi walikuwa wakipiga chafya na macho yanawawasha. Wakubwa walikuwa wametoka kwenye semina ya silaha za kemikali, semina yenye picha, na simu ile ikawakuta bado wana picha vichwani. Nilipelekwa na gari mbili, barakoa za mpira, na askari wanne waliokatazwa kushika chochote, hata tandiko la kiti.

Nilipofika nilivaa barakoa yangu, nikatembea mpaka kwenye mabati. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo kando ya uwanja alinyanyuka akanitazama.

"Mama, unaumwa?" aliniuliza.

"Kuna unga wa sumu, bibi. Rudi nyuma."

"Hii salfa. Ya Ntepa huyo. Tumenkataza kupulizia nchana, hasikii."

Mnaijua salfa. Kila mwenye mkorosho anaijua, anaipulizia kwa mashine ya mgongoni kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na anaipulizia alfajiri wakati majani yana umande na upepo umelala. Mtepa, mwenye shamba la jirani, alikuwa amechelewa kuamka. Upepo wa saa nne ulichukua salfa yake yote ukaipeleka shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa mgeni kutoka mikoa isiyo na korosho, na ndege aliiota kwenye video ya simu. Tuliosha macho ya wanafunzi, tukamwaga maji ya pipa, nikaandika "chini", nikarudi nikiwa nimevimba kichwa. Nilianza kuamini kwamba hofu hutoka mjini na ukweli hutoka shambani, na kwamba mimi, mtoto wa Nachingwea, ninaweza kuvitofautisha kwa pua. Ningetamani niwaambie imani hiyo ilinisaidia. Ilinidumu mpaka niliogopa kweli, halafu ikaniacha mkono.

Mzee Chilala alistaafu, akafariki mwaka uliofuata, nikabaki na makabati na Nyenje. Ndipo mambo ya ng'ambo ya Ruvuma yalipoharibika. Mnakumbuka wenyewe: wakimbizi, vijiji vilivyochomwa, vijana wa huku waliotajwa kwamba wamevuka kwenda kujiunga na waasi. Simu kutoka juu zikaongezeka. Kila dawa ya panya iliyopotea ghalani ilitaka tathmini. Nilianza kuamka alfajiri na orodha kichwani: chumba cha eksirei, mitungi ya klorini kwenye matangi ya maji, maghala ya salfa, na kampuni za uchorongaji kule Ruangwa zinazotoboa ardhi kutafuta madini. Hizo kampuni ndizo zilizokuwa zikinikosesha hamu ya kula.

Mchorongaji anapotaka kujua mwamba ulivyo ndani ya shimo refu, huteremsha kipande kidogo cha mionzi, kidogo kama ncha ya kidole. Kipande hicho hukaa ndani ya chombo cha chuma kilichojazwa madini ya risasi, kimo cha ndoo ndogo, na uzito wa kumfanya mwanaume aombe msaada. Sisi tulikiita chungu. Kikiwa kimefungwa unaweza kukaa karibu nacho. Kikifunguliwa, aliye karibu ataungua bila kuona moto, na mwenye nia mbaya anaweza kukitumia kutia sumu mahali penye watu wengi. Nilikuwa nimevihesabu vyungu vyote vya Ruangwa. Nilivikagua kila robo mwaka, na nilijua kila kufuli.

Kimoja kikapotea. Kampuni moja ndogo, ambayo sasa haipo tena, ilikuwa inahamisha kambi kwa pikapu kuelekea upande wa Nanganga. Chungu kiliwekwa nyuma ya gari asubuhi, na saa sita gari lilipofika hakikuwepo. Aliyekisainia kutoka stoo ni Issa, mtunza stoo, kijana wa Ruangwa mwenye umri wa kama miaka thelathini, mpole, mwandiko mzuri. Nilikuwa nimekagua stoo yake mara nyingi. Alikuwa akinichemshia chai kwenye birika la umeme na kuniita mama mkubwa.

Polisi walimchukua siku hiyohiyo. Kwenye simu yake walikuta namba za ng'ambo, kwa sababu mke wake alitoka ng'ambo na shemeji zake walikuwa huko. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amevuka mto siku nne kwenda msibani. Maelezo yake yalikuwa mafupi, ukurasa mmoja, na nayakumbuka kwa sababu nimeyasoma tena mara nyingi kuliko barua yoyote maishani mwangu. Alisema mlango wa nyuma wa pikapu ulikuwa mbovu, wakaufunga kwa kamba, na gari lilirushwa pale kwenye daraja dogo lililobomoka. Dereva wa kampuni alikana. Alisema mlango ulikuwa mzima. Kesho yake nilipoukagua ulikuwa mzima kweli, una bawaba mpya zinazong'aa, na mimi, mwenye kuhesabu makufuli ya mkoa mzima, sikujiuliza bawaba hizo zimeanza kung'aa lini.

Nilikaa ofisini na karatasi. Kitu kipo? Kipo, na hakijulikani kilipo. Mtu yupo? Nikaandika jina la Issa. Njia ipo? Ruvuma haiko mbali kwa mwenye pikipiki. Wakubwa walikuwa wakipiga simu kila nusu saa wakiuliza neno. Nilifikiri: nikiandika "wastani" halafu watu wafe sokoni Mtwara, nitaishi vipi? Niliandika "juu". Nilipoandika nilijisikia nafuu, na nataka mlijue hilo, kwa sababu nafuu ile ndiyo ningetakiwa kuiogopa.

Kwa siku tisa tulitafuta. Nilikuwa na askari wawili na dereva wetu, Kassimu, mtu wa swala tano ambaye hajawahi kuchelewa wala kunijibu vibaya. Tulipita vijiji vya Nanganga kimoja kimoja. Nilikuwa na picha ya chungu nimeichapa kubwa, na kila mtu nilimuuliza swali lilelile: umeona chombo hiki, kizito, kina alama ya njano? Kila mtu alitazama picha, kisha akatazama pembeni. Hawakusema hapana ya mtu asiyejua. Walisema hapana ya haraka, na nyuma yetu milango ikafungwa. Mtendaji wa kijiji kimoja alitupokea vizuri, akatuzungusha mashamba yote ya juu, lakini tulipotaka kuteremka bondeni kuelekea Lukuledi alisema njia imekatika, kuna matope, kuna nyuki. Matope mwezi wa kumi na moja, mvua haijanyesha hata tone.

Nikalisoma kimya lile kwa hofu yangu. Siku ya tano niliandika taarifa ya nyongeza: wananchi hawatoi ushirikiano, yawezekana wanawalinda wahusika. Taarifa hiyo ilifika juu kabla sijafunga kalamu. Siku ya sita vijana watatu wa kijiji kile walichukuliwa kuhojiwa. Siku ya saba niliambiwa kwamba msako mkubwa unaandaliwa, wa magari, nyumba kwa nyumba. Nilikuwa silali wala sili. Nikiona mwanamke amebeba ndoo kichwani nilikuwa namwangalia ndoo, na nikisikia mtu anatapika nilikuwa nauliza ameanza lini.

Siku ya tisa tulifanya mkutano wa mwisho kwenye ofisi ya kijiji. Niliwaeleza kwa sauti ya juu, karibu nilie, kwamba aliye nacho atakufa, na watoto wake watakufa, na kama ni kuiogopa Serikali basi wakitupe tu barabarani tukiokote. Watu wakainamisha vichwa. Nilipokuwa nakusanya karatasi, mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango alinyanyuka kutoka, na nikaiona khanga yake. Ilikuwa na madoa ya kahawia, makubwa, yaliyoanzia mapajani mpaka miguuni, madoa ambayo sabuni haiyatoi.

Mama yangu alikuwa na khanga kama hiyo. Alikuwa na moja tu, na aliificha darini miezi tisa ya mwaka. Ilikuwa khanga ya kukamulia mabibo, yale matunda ya mkorosho.

Nilitoka nje nikamkuta Kassimu kwenye gari.

"Kassimu, huku wanakamulia wapi mabibo?"

Akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Mama, mimi sinywi."

"Sijakuuliza unakunywa."

"Sinywi kabisa, mama. Lakini njia naijua."

"Iko wapi?"

"Bondeni. Pale mtendaji aliposema kuna nyuki." Akaachia usukani. "Ni kwa Bi Somoe. Kila mtu anajua. Nilidhani na wewe unajua, ila hutaki kuwaletea matatizo watu na pombe yao. Mimi ningeanzaje kukuambia, mama, na wewe umetoka kuhiji?"

Siku tisa nilikuwa nimezunguka na mtu anayejua njia, na heshima yetu sote wawili ilikuwa imekaa katikati ya viti. Kijiji kile ni cha Waislamu, hakuna anayekunywa, na kila msimu mapipa ya Bi Somoe yanakauka. Walikuwa wakificha pombe ya mabibo. Picha yangu ya chungu ilipokuja na askari wawili pembeni, walijua kabisa nimekuja kuvunja mapipa, na wote wakalinda alichokilinda mwenzao. Nilikuwa nimewauliza chungu kiko wapi. Sikuwahi kuwauliza wanaogopa nini.

Niliwaambia askari wabaki ofisini kwa mtendaji wanywe soda. Nikachukua Nyenje, nikabadilisha betri, nikaiwasha palepale nje nikasikiliza dakika nzima kama nilivyofundishwa. Halafu tukateremka, mimi mbele, Kassimu nyuma hatua hamsini kwa amri yangu. Alikuwa akisoma dua kwa sauti. Harufu ya mabibo yaliyochacha ilitufikia kwanza, tamu mpaka inakaba. Kila hatua kumi nilisimama. Tik, tik. Nilikuwa nasikia mlio umeongezeka, nasimama, nasikiliza, nakuta ni ule ule. Nilikuwa namfikiria mwanamke nisiyemjua, ngozi yake, mikono yake.

Bi Somoe alikuwa peke yake, mjane wa makamo, mikono imejaa utomvu. Mbele yake kulikuwa na gogo lililochimbwa katikati, ndani yake gunia la mabibo, juu ya gunia ubao, na juu ya ubao, kimekaa sawasawa kama kimetengenezwa kwa kazi hiyo, chungu changu. Alama ya njano ilikuwa imetazama juu. Maji ya mabibo yalikuwa yakichuruzika polepole kwenye ndoo.

"Shikamoo, mama," alisema, na hakukimbia. "Umekuja kumwaga?"

"Marahaba. Sikuja kumwaga. Naomba usogee, ukae pale penye kivuli."

Nilimwamkia tena kwa Kimwera ili anisikilize, akasogea. Nikakisogelea chungu. Nyenje ikaanza kulia haraka, haraka zaidi, nikaisoma kwa kuinamisha kichwa kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Namba ilikuwa ile ile niliyoiandika kila robo mwaka kwenye stoo ya Issa. Ya chungu kilichofungwa. Nikakizunguka mara tatu. Kisha nikaona kufuli. Lilikuwa limekatwa kwa msumeno wa chuma, zaidi ya nusu. Kilichobaki kilikuwa chembamba kama kijiti cha kiberiti.

"Nani alikata hapa?"

"Shemeji yangu, Bakari. Alikiokota pale dalajani, kimeanguka kwenye gali. Wakaleta wawili kwa toroli. Akasema ndani kuna madini." Akapangusa mikono kwenye khanga. "Nikamwambia, acha! Ukikifungua kitapungua uzito. Mwaka nzima natafuta jiwe zuli la kukamulia, huku nchanga ntupu, mawe hamna. Wewe ufungue upate nini? Akanuna, akaniachia."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Sikuomba ruhusa. Kassimu alikuja mbio akidhani nimeanguka, na Bi Somoe akanimiminia maji. Nilicheka, halafu nililia, halafu nikamweleza chungu kile ni nini. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama mikono yake pande zote mbili.

"Nitakufa?"

"Hapana. Kingefunguka, ungekufa. Utakwenda hospitali upimwe, nitakwenda na wewe."

"Na utaniandika?"

Hilo lilikuwa swali gumu kuliko la kwanza. Kwenye taarifa yangu niliandika kwamba chombo kilikutwa salama, kikitumika kama uzito wa kukamulia matunda. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo, na wakubwa hawakuuliza matunda gani. Damu yake ilipimwa Lindi mara tatu, ikawa safi. Kila mwaka nilikuwa napita kumwona, na kila mwaka ananionyesha viganja kabla hajanikaribisha kukaa. Nilimpelekea jiwe kutoka Nachingwea, kwa gari la serikali. Mnaweza kunishtaki.

Nilidhani mambo yameisha. Niliandika tathmini mpya, nikaweka neno "chini", nikapiga simu mwenyewe kwa kila aliyepokea la kwanza. Msako ulisimamishwa, vijana watatu wakarudishwa kijijini. Lakini lile "juu" lilikuwa limeshakwenda mbali kuliko simu yangu, kwenye ofisi nisizozijua, na kila ofisi ilikuwa imelinakili. Issa alikaa ndani wiki nyingine saba. Alipotoka kampuni ilikuwa imefungasha virago. Mke wake alikuwa amechukuliwa na kaka zake kurudi ng'ambo, na hajarudi. Issa amebaki na binti yao.

Nilikwenda kwake Ruangwa kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, na nilipofika yote yalinipotea. Alinichemshia chai, kwa kuni safari hii. Aliniambia kwamba kila anaposafiri, basi likifika kwenye kizuizi cha polisi, askari anakagua vitambulisho, anarudi na simu mkononi, anamwita kwa jina, anamteremsha na begi. Abiria wanamwangalia. Wakati mwingine basi linamsubiri, wakati mwingine linaondoka.

"Nisamehe, mwanangu," nilimwambia. "Nilikosea."

"Nimekusamehe, mama mkubwa. Lakini wewe ulikosea siku tisa. Mimi bado naendelea."

Niliandika barua ya kwanza wiki ile ile. Nikajibiwa kwamba jina haliwezi kuondolewa kwenye orodha ya wanaoshukiwa bila tathmini mpya. Nikatuma tathmini mpya. Nikajibiwa kwamba tathmini hufanywa kukiwa na tukio, na tukio limeshafungwa. Nikaandika kwa mkubwa wa mkubwa. Nikaambiwa kwa simu, kwa upole, kwamba hakuna mtu anayepata lawama kwa kuliacha jina kwenye orodha, ila atakayelitoa atabeba lawama mwenyewe mambo yakiharibika. Ninawaelewa. Nilikuwa mmoja wao, kalamu mkononi juu ya karatasi. Niliandika barua mpaka siku niliyokabidhi funguo, na katika fomu ya makabidhiano mstari wa jina la Issa niliuandika kwa wino mwekundu. Aliyeipokea aliniambia hairuhusiwi kutumia wino mwekundu.

Juzi nilikutana na Issa sokoni Ruangwa. Binti yake amepata nafasi ya chuo Dar es Salaam. Nilifurahi mpaka nikamshika mkono, nikamuuliza watasafiri lini. Akasema binti atasafiri peke yake. Yeye atamsindikiza mpaka stendi tu, atamwambia ana kazi. Hataki mtoto amwone anavyoteremshwa.

Jalada la Issa liko kabati la kushoto, rafu ya pili kutoka chini. Barua zangu zote zimo kwa mpangilio, na kwenye ya mwisho, ya kuomba jina litolewe, nafasi ya sahihi imeachwa wazi. Sahihi yangu sasa haina nguvu hata ya kuchukulia kifurushi posta. Zenu zinazo. Binti anaondoka Jumatatu, basi la alfajiri.

Nimeandika haya Jumatano.